Fimbo Iliyovunjika Katika Bonde la Askari

Huenda baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu watajiuliza ofisa wa jeshi, tena wa nchi inayopitiwa na mstari wa Ikweta, ana haja gani na mwanamke wa Kiitalia ambaye maisha yake yote ya mashindano yalipita juu ya theluji. Theluji yetu sisi iko kwenye vilele vya Ruwenzori tu, na wengi wetu tumeiona kwa mbali, alfajiri, kabla mawingu hayajaifunika. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Lakini kwanza naomba niruhusiwe kusimulia habari za mwanamke huyo, kwa kuwa jibu langu limo ndani ya habari hizo.

Jina lake ni Stefania Belmondo. Alizaliwa tarehe 13 Januari 1969 huko Vinadio, mahali pa milimani katika mkoa wa Cuneo, kaskazini-magharibi mwa Italia, karibu na mpaka wa Ufaransa. Ni mtu mfupi wa kimo na mwembamba wa mwili. Mgeni ambaye angemwona amesimama mstarini kando ya wapinzani wake wa Urusi na Norway angedhani ni mdogo wa mmoja wao aliyekuja kutazama. Tena alikuwa askari. Alikuwa mtumishi wa Corpo Forestale dello Stato, kikosi cha dola cha kulinda misitu, ambacho kilihesabiwa miongoni mwa vikosi vya polisi vya nchi ile mpaka kilipovunjwa mwishoni mwa mwaka 2016 na wengi wa askari wake kuingizwa katika Carabinieri, wale wanajeshi wenye madaraka ya polisi.

Waitalia wana desturi ambayo yafaa ndugu zangu wa jeshi na polisi waifahamu. Wengi wa wachezaji wao wa michezo ya baridi huvaa sare. Polisi wana chama chao cha michezo, jeshi la nchi kavu lina chake, Carabinieri wana chao, na hata Guardia di Finanza, askari wanaosimamia ushuru na mapato ya dola, wana chao. Mwanamichezo huandikwa kazi, hupewa cheo na mshahara, naye hulilipa deni hilo kwa mazoezi na kwa ushindi. Jambo hili si geni kwetu. John Akii-Bua, aliyekimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82 mjini Munich mwaka 1972 na kuvunja rekodi ya dunia, tena akiwa katika njia ya ndani kabisa yenye kona kali kuliko zote, alikuwa polisi. Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni ya Olimpiki mjini London mwaka 2012, alikuwa askari wa magereza. Basi tunapozisoma habari za Belmondo tunasoma habari za mwenzetu wa kazi.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mtu hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba ziitwazo skii, na mikononi hushika fimbo mbili za kujisukumia. Hateremki tu kutoka juu ya mlima kama wale tunaowaona katika sinema. Huivuka nchi, hupanda vilima na kuviteremka, hupinda katikati ya miti, kilomita 5, 10, 15 au 30, kwa nguvu za mapafu yake na moyo wake. Askari aliyewahi kupanda kilima kwa mbio huku amebeba mzigo atajua nasema nini. Na kwa kweli mchezo huu una damu ya kijeshi. Wanajeshi wa Norway walikuwa wakishindana kwa skii tangu mwaka 1767, na katika majira ya baridi ya 1939 na 1940 wanajeshi wa Finland, wamevaa nguo nyeupe na kuteleza kimya msituni, waliliumiza vibaya jeshi la Kisovyeti lililowazidi sana kwa idadi na kwa vifaa.

Wanaume walianza kuushindania Olimpiki mwaka 1924. Wanawake waliachwa nje mpaka mwaka 1952 mjini Oslo, na hata hapo walipewa mbio moja tu ya kilomita 10. Wakubwa wa mchezo waliongeza masafa yao kidogo kidogo, mithili ya mtu anayempimia mgonjwa dawa, na kilomita 30 hazikukimbiwa na wanawake katika Olimpiki mpaka mwaka 1992 huko Albertville, Ufaransa. Mwanamke wa kwanza kuzishinda ndiye huyu askari wa misitu.

Alikuwa na umri wa miaka 23. Miaka minne kabla yake alikwenda Calgary, Kanada, akiwa msichana wa miaka 19, akarudi mikono mitupu. Safari hii alimaliza kwa saa 1, dakika 22 na sekunde 30.1, akamwacha Lyubov Yegorova, bingwa mkubwa wa Urusi, nyuma kwa karibu sekunde 22. Hakuna mwanamke wa Italia aliyewahi kabla yake kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huo. Katika michezo hiyo hiyo alipata pia fedha moja, na shaba moja ya mbio za kupokezana. Mwaka uliofuata, huko Falun nchini Sweden, alishinda ubingwa wa dunia mara mbili. Kwa hesabu ya mtu yeyote, kazi ilikuwa imekwisha pangwa: mwanamke wa miaka 24, mwenye nguvu, mwenye dhahabu, na mbele yake miaka kumi ya kuvuna.

Hapo mguu ukamsaliti. Aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia. Msomaji asicheke. Katika ule mtindo huru wa kuteleza, ambao miguu hupanuka upande na upande kama ya mtu anayepiga makasia, kila hatua humalizikia kwenye sehemu ya mbele ya mguu, na kidole hicho ndicho kinachotoa msukumo wa mwisho. Katika kilomita 30 msukumo huo hutolewa maelfu ya mara. Alipasuliwa zaidi ya mara moja, na walikuwapo waganga walioona kwamba hatashindana tena katika daraja ile.

Alishindana. Mwaka 1994 huko Lillehammer, Norway, alipata shaba mbili. Lakini shaba hizo zilimezwa na jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu lilikuwa gumu kuliko kisu cha mganga. Mwenzake wa timu, Manuela Di Centa, alitwaa medali 5 katika michezo hiyo hiyo, mbili zikiwa za dhahabu. Ushindani baina ya wanawake hao wawili ulijulikana Italia nzima, na magazeti ya kwao yaliukoleza, kama magazeti yafanyavyo, nami niliye mtu wa kalamu naweza kulisema hilo bila kuonewa. Hata hivyo zilipofika mbio za kupokezana wote wawili waliingia katika timu moja, na moja ya zile shaba za Belmondo ilitoka humo. Yeyote aliyewahi kuishi katika kombania moja na mtu ambaye hawapatani, na wakatumwa doria pamoja, atajua thamani ya shaba hiyo.

Kisha ikaja miaka mikavu. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 1995 huko Thunder Bay, Kanada, hakupata medali hata moja. Mwaka 1997 huko Trondheim, Norway, alipata medali 4, zote za fedha, na mara zote nne aliyemtangulia alikuwa mtu yule yule, Yelena Välbe wa Urusi, ambaye alizoa dhahabu zote 5 za wanawake. Naomba msomaji asipite hapa haraka. Sisi tunaotengeneza habari za michezo tumezoea kuandika kwamba fulani ameshindwa, tukafunga kalamu. Lakini mtu aliyekuwa wa pili mara nne kwa mguu uliokwisha kupasuliwa, miaka minne baada ya kuambiwa apumzike, huyo ameshindwa na nani? Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, akapata tena fedha katika kilomita 30, na shaba katika mbio za kupokezana. Mwaka 1999 huko Ramsau, Austria, akawa bingwa wa dunia mara mbili. Tangu Falun ilikuwa imepita miaka 6. Katika miaka hiyo alibaki na sare yake. Hilo ndilo nitakalolirudia.

Sasa twende Utah, Marekani, mwaka 2002, mahali paitwapo Soldier Hollow, jina ambalo kwa lugha yetu ni Bonde la Askari. Mahali hapo pako juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambapo pumzi huanza kuwa haba. Tarehe 9 Februari zilifanyika mbio za wanawake za kilomita 15 kwa mtindo huru, na medali zake ndizo zilizokuwa za kwanza kutolewa katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka huo. Wakimbiaji waliondoka wote kwa pamoja, si mmoja mmoja kwa kushindana na saa kama ilivyokuwa Albertville. Katika mbio za namna hiyo anayeteleza nyuma ya mwenzake hukingwa na upepo na kuokoa nguvu, na anayeachwa na kundi huupokea upepo wote peke yake. Belmondo alikuwa na miaka 33. Alikuwa mbele, pamoja na wenye nguvu.

Zilipokuwa zimebaki kilomita nne na nusu hivi, fimbo yake moja ikavunjika.

Kwa asiyeujua mchezo huu hilo laweza kuonekana dogo, kama kufunguka kamba ya kiatu. Si dogo. Mlimani mikono hufanya sehemu kubwa ya kazi, na mwenye fimbo moja huvuta upande mmoja, huku upande wa pili ukining'inia kama bawa lililovunjika. Sheria huruhusu kubadilishiwa fimbo njiani, lakini ni lazima kwanza ufike palipo na mtu wa kukupa, na fimbo hizi hupimwa kwa kimo cha mwenyewe. Fimbo ya mwingine ni kama bunduki ambayo shabaha yake imerekebishwa na jicho la mwingine. Kundi likamwacha. Akaendelea kwa fimbo moja, nafasi zikimponyoka moja baada ya nyingine, mpaka akapewa fimbo na watu waliosimama kando ya njia. Wengi waliokuwa wakitazama walikwisha kumfuta katika hesabu.

Aliwarudia mmoja mmoja. Alipita waliokuwa nyuma ya kundi, akalishika kundi lenyewe, na katika mita za mwisho akampita Larisa Lazutina wa Urusi. Muda wake ulikuwa dakika 39 na sekunde 54.4. Lazutina alifika sekunde 1.8 baadaye. Dhahabu yake ya kwanza aliipata akiwa na miaka 23, na hii ya pili miaka kumi baadaye, na katikati yake kuna visu, shaba, fedha na kimya cha Thunder Bay.

Habari za Lazutina zina mkia, nao yafaa usemwe. Kabla michezo ile haijafungwa aligunduliwa kuwa na dawa ya kuongeza damu mwilini. Alivuliwa ushindi wa kilomita 30, na baadaye akavuliwa hata ile fedha ya kilomita 15. Dhahabu ya kilomita 30 akapewa Mwitalia Gabriella Paruzzi, na Belmondo akapata fedha. Pamoja na shaba ya kilomita 10, alifikisha medali 10 za Olimpiki: dhahabu 2, fedha 3 na shaba 5. Kisha akaacha mashindano mwaka huo huo. Nafikiri mara kwa mara juu ya zile sekunde 1.8. Mwanamke aliyevunjikiwa fimbo alimshinda mtu ambaye baadaye alikutwa na dawa, na wakati anampita hakuna aliyejua.

Nimewahi kuisimulia habari hii bwaloni, na ofisa mmoja mwenzangu akanijibu kwamba mwanamke huyo alikuwa na bahati tu, kwamba fimbo ingevunjika mita mia tano mbele zaidi asingepata chochote. Kweli. Lakini fimbo kuvunjika ni bahati mbaya, na yule mtu kusimama njiani na fimbo mkononi si bahati. Mtu huyo aliwekwa pale. Kuna aliyekaa mezani siku nyingi kabla yake akafikiri: zinaweza kuvunjika, basi asimame mtu hapa, na mwingine pale. Katika jeshi kazi hiyo tunaiita ugavi, nasi tunaifahamu sana inapohusu risasi na chakula. Inapohusu mwili wa askari mwanamichezo tunaisahau.

Tena fimbo yenyewe si lazima itoke kwa mtu wako. Tarehe 10 Februari 2006 Belmondo ndiye aliyeuwasha mwenge wa Olimpiki mjini Torino, karibu na kwao. Siku nne baadaye, katika mbio fupi za wanawake wawili wawili, Sara Renner wa Kanada alivunjikiwa fimbo, na aliyempa nyingine alikuwa Bjørnar Håkensmoen, mkuu wa makocha wa Norway. Ilikuwa ndefu kuliko ya kwake, lakini ilimfikisha. Kanada wakapata fedha. Norway wakawa wa nne, nje ya medali. Wakanada wengi walimtumia mzee huyo zawadi za asali ya miti ya kwao. Sina hakika kama sisi, katika mashindano baina ya vikosi vyetu, tungempongeza kocha wa namna hiyo au tungemfungulia mashtaka.

Nimeahidi kujibu swali la msomaji. Katika kikosi kimoja ambacho sitakitaja yuko koplo mwanamke, mkimbiaji wa mbio za nyika. Nimeandika habari zake mara tatu, mara zote pamoja na picha yake, mara moja akipeana mkono na mkubwa. Mwaka jana alikatika mshipa wa kisigino akiwa mazoezini. Safari hiyo sikuandika hata mstari mmoja. Hakuna aliyenikataza. Sikuona kuwa ni habari. Na huo ndio upungufu wangu mimi, afande wa uhusiano, ambaye kazi yangu ni kuwajulisha wananchi yaliyomo kambini, nami niliwajulisha yale tu yaliyokuwa yakimeta.

Katika ofisi ya michezo ya kikosi hicho imeandikwa barua ya kumwondoa katika orodha ya wanamichezo. Ikitiwa sahihi, atapoteza muda wa mazoezi, chakula cha ziada na nafasi ya kuonwa na mganga wa viungo, na atarudishwa katika zamu za kawaida. Hoja iliyotolewa ni kwamba nafasi ni chache na vijana wenye miguu mizima ni wengi. Siidharau hoja hiyo. Aliyeiandika ni mtu mwema, naye ana bajeti ndogo ambayo mimi sina. Lakini namwomba afanye hesabu ya Waitalia. Lau wakubwa wa Belmondo wangemfuta baada ya Thunder Bay, walipokuwa na kila sababu ya kufanya hivyo, wangeokoa mshahara wa miaka saba na kukosa ubingwa wa dunia mara mbili, dhahabu ya Olimpiki na medali nyingine nyingi. Na hata kama asingeshinda tena, bado angekuwa askari aliyeumia akiwa kazini, maana mazoezi yale ndiyo kazi tuliyompa.

Pendekezo langu ni dogo. Asifutwe askari mwanamichezo yeyote kwa ajili ya jeraha kabla ya mganga kuandika kwa mkono wake kwamba hatapona, na kabla ya kupita miezi 18 tangu kuumia. Na katika muda huo jina lake libaki katika orodha, hata kama mbele yake pameandikwa kwamba yuko hospitali.

Juzi nilimkuta koplo huyo langoni, anaandika namba za magari yanayoingia. Alisimama kunipigia saluti, nikaona ameuegemeza mguu mmoja. Nilimwuliza mganga amesemaje. Akasema, "Miezi minane, afande, halafu nianze kwa kutembea." Nilimwuliza kama ameiona barua. Alisema ameisikia tu, kisha akageuka kulisimamisha gari lililokuwa linakuja.